Mbolea ya Kitambaa cha Njano

Rhotia, Karatu
11 Agosti 2024

Wifi yangu Antonia,

Sisi huku wazima wote. Wasio wazima ni miche, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Simu yako nimeipiga mpaka nimechoka, yule dada wa mtandao ananijibu maneno yaleyale kila siku. Nikasema basi, nitampa Clemensi barua akipandisha mizigo yake ya maduka huko Nainokanoka.

Unakumbuka ule mkutano wa kijiji wa mwezi wa sita, ulivyonivuta kitenge nisisimame, nikasimama? Niliahidi mbele ya watu wote kwamba ule mteremko juu ya chemchemi ya kwenu, uliobaki udongo mwekundu mtupu, kikundi chetu cha akina mama kitauotesha miti. Mwenyekiti akasema sawa, mna mpaka mwisho wa Aprili, kamati itapanda kuangalia. Ikikuta miti imeshika, mteremko ni wenu. Isipokuta, anapewa yule bwana wa kambi ya mahema, achimbe vyoo vyake palepale juu ya maji tunayokunywa. Na wazee waliokaa nyuma niliwasikia kwa masikio yangu haya: "Huyu wa Machame aliyekuja juzi ndiye atatufundisha miti?" Juzi! Nimezaa watoto wawili hapa, bado nimekuja juzi.

Sasa sikia. Miche ya mwaka jana iliuawa na kuvu, ikaoza shingo yote. Mwaka huu nikasema kuvu haikanyagi kitaluni kwangu. Udongo wote nimeukaanga. Umesoma vizuri, nimeukaanga kwenye pipa, moto chini, nageuza na koleo mpaka mgongo ukaniuma. Ukatoka safi kabisa. Nikajaza viriba, nikaotesha mringaringa na mkuyu, ikachipua vizuri, nikaimba. Lakini siku hizi imegoma. Imesimama kimo cha kidole, majani ya njano, haifi wala haikui. Maji naipa, kivuli inacho. Labda inataka nilie.

Kwa hiyo nakuomba mbolea. Samadi ya maboma ya huko juu inasifika mpaka Baray. Nitumie kidogo kidogo kutoka maboma tofauti, nijaribu ipi ni kali zaidi, halafu tutaagiza gunia.

Mondo naye, yule paka wa porini, amerudi. Amebeba kuku wangu wawili wiki hii, mchana kweupe, na yale masikio yake makubwa. Siku nikimtia mkononi utasikia habari.

Kaka yako Simon anakusalimu, yuko kreta na wageni. Kanisani tumetangaza kwamba unasomea udaktari wa simba, kwa hiyo usituangushe.

Wifi yako,
Elieshi (Mama Anneth)


Nainokanoka
25 Agosti 2024

Wifi Elieshi, mkali wangu,

Barua yako nimeisoma mchana nikiwa ndani ya mablanketi mawili, ndiyo baridi ya huku hiyo. Nimecheka mpaka mama Naishorua, mwenyeji wangu, akaja kuchungulia. Nilipomweleza kwamba wifi yangu anakaanga udongo akauliza kama unauweka na chumvi.

Mwambie mchungaji sisomei simba. Nasomea kuvu! Najua unaichukia, lakini ngoja nikueleze nilichokiona juzi, maana tangu hapo silali vizuri kwa furaha. Nilikuwa nimepiga magoti msituni, nikaona panya wamefukua vijitonge vidogo vya kuvu chini ya majani yaliyooza, vimekaa kama punje za mtama. Wanavila kwa uchu! Ndani ya kijitonge kimoja kuna vijimbegu vingi mno, huwezi kuviona bila hadubini, na tumbo la panya haliviwezi, vinatoka vizima. Sasa wewe jiulize: panya hatembei. Anazaliwa chini ya mti huu na kufia chini ya mti ule. Mbona basi kuvu ileile naikuta ng'ambo ya bonde, hata pasipo na panya?

Ni wawindaji, wifi! Anayemla panya anabeba kila kilichokuwa tumboni mwa panya. Anavuka bonde, anavuka barabara, anapanda mlima mwingine. Wanyama wote mnaowaogopa huko ndio wanaopanda mbegu za kuvu nchi nzima. Namna wanavyozishusha njiani ni hadithi ndefu, na najua barua zangu mnazisoma mezani, kwa hiyo nitakusimulia siku nyingine. Mimi nakusanya sampuli tu.

Mbolea usijali. Mama Naishorua amekubali, na maboma ya jirani pia. Nikishapata ruhusa ya kuipitisha geti la hifadhi nitamkabidhi Clemensi.

Msalimie kaka, na uwabusu Anneth na mdogo wake.

Antonia


Nainokanoka
7 Septemba 2024

Wifi,

Clemensi anapiga honi, naandika nimesimama. Mifuko midogo minne aliyoibeba SIYO mbolea yako. Ile bado ruhusa, itakuja baadaye. Hizi ni sampuli zangu, karibu kazi yote niliyofanya tangu Mei. Nimezikausha, nimezitwanga, nimezichekecha, na kila mfuko nimeufunga kitambaa chake: chekundu, cha bluu, cheusi na cha njano. Huku kuna unyevu, zitaota ukungu. Weka kwenye kabati la Simon, rafu ya juu, pakavu. Usifungue, usinuse, usiulize.

A.


Rhotia
15 Septemba 2024

Wifi yangu kipenzi,

Mbolea imefika! Hata mstari mmoja wa barua hukuniwekea, lakini nimekusamehe, kwa sababu umenisikiliza nilivyotaka: maboma manne tofauti, kila moja na kitambaa chake. Na mmeisaga kabisa kama ugoro! Mwambie mama Naishorua kwetu Machame tungesema aika, asante sana.

Niliona ni kidogo nikajua hii ni ya nguvu, haihitaji kumwagwa ovyo. Nimechagua mistari minne ya viriba, kila mstari nimeupa boma lake, na kitambaa nimekichomeka kwenye kijiti ili nisichanganye. Mistari mingine yote nimeiacha bila kitu. Nimetumia yote mpaka vumbi la mwisho, nimekung'uta na mifuko.

Ila harufu yake, aisee! Hao ng'ombe wanakula nini? Ule wa kitambaa chekundu ulinitoa machozi, Anneth akakimbilia kwa bibi yake. Mwenye boma hilo ni nani? Nipe namba yake ya simu, nataka kumwagiza gunia zima.

Ubarikiwe, wifi. Nakuombea kila siku.

Mama Anneth


Nainokanoka
22 Septemba 2024

Elieshi,

Leo sikuiti wifi.

Nimemuuliza Clemensi, amepekua gari lake, barua yangu ya tarehe saba ameikuta imekunjwa juu ya kioo, pale anapochomeka risiti. Sasa nakutumia, isome, halafu endelea na hii.

Mwenye kitambaa chekundu unayetaka namba yake ya simu ni CHUI. Wa bluu ni fisi, wa cheusi ni mbweha. Hakuna boma wala ng'ombe. Ni kinyesi cha wanyama wawindaji, nimezunguka misitu hii na askari wa hifadhi nikikiokota kimoja kimoja kwa mkono wangu, na ndiyo kazi yangu, ndiyo huo udaktari wenu wa simba mnaoutangaza kanisani. Sikutaka mjue. Ukoo mzima ulichanga nisome, halafu niandike nyumbani kwamba naokota mavi?

Profesa wangu anakuja kukagua kazi. Nitamwonyesha nini? Kazi yangu imemwagwa kwenye viriba vya miringaringa inayokufa! Nimelia mpaka mama Naishorua ameniletea maziwa, na sijayanywa.



Antonia


Rhotia
27 Oktoba 2024

Wifi Antonia,

Nilinuna. Lazima nikwambie ukweli, nilinuna mwezi mzima. Kwanza kwa aibu, maana mikono hii iliyoshika kile kitu ndiyo iliyopika pilau ya kipaimara siku ileile. Nimemaliza mche mzima wa sabuni. Kaka yako alipoisoma barua yako alikaa chini pale mlangoni akacheka mpaka akashika mbavu, nami nikamnyima chai siku tatu. Pili nilinuna kwa uchungu, kwa sababu nimekuharibia, na mimi sijui kuomba msamaha, kwetu hatukufundishwa. Basi naomba. Nimekosa, nisamehe.

Mwezi huo wote kitaluni sikukanyaga, kumwagilia niliwaachia akina mama na nikawakataza wasinitajie miche. Nilitaka kwenda kumwaga ile mistari yote minne makorongoni. Nilishashika na toroli. Antonia, nimefika kitaluni, nimesimama, toroli likaniponyoka.

Ni ya kijani! Mistari minne, wifi, ya kijani kibichi! Mistari mingine yote iko vilevile, vijiti vya njano. Lakini ile yenye vitambaa imenyanyuka, ina majani mapana. Ya chui imefika kiganja. Ya fisi kidogo chini yake, ya mbweha vilevile. Na ule mstari wa kitambaa cha njano, Mungu wangu! Umepita goti la Anneth! Nimepiga kelele mpaka Qamara jirani akaja na panga akidhani kuna nyoka.

Kwenye barua yako ya hasira ulitaja chui, fisi na mbweha ukakatisha. Wa njano ni nani? Ni simba? Nimemwambia Simon ni simba. Niambie haraka, maana huyo ndiye nataka kumshukuru.

Mama Anneth


Nainokanoka
3 Novemba 2024

Wifi yangu! Wifi yangu mwenyewe!

Nimekusamehe, nimekusamehe, nimekusamehe! Barua yako nimeisoma nikatoka nje nikakimbia kuzunguka boma, ng'ombe wakashtuka, mama Naishorua amesema nimepatwa. Unajua ulichofanya? Mimi nilikuwa nahesabu vijimbegu kwenye hadubini, najua vinatoka vizima tumboni mwa mwindaji, lakini sikuwa na ushahidi kwamba bado viko hai, kwamba vinaweza kuota na kufanya kazi. Wewe umeotesha! Na mistari umeitenganisha, na mingine umeiacha bila kitu ya kulinganishia! Hata profesa asingepanga vizuri zaidi.

Sasa naelewa ugonjwa wa miche yako, na ni kosa la pipa. Kuvu siyo moja, wifi. Ile iliyoozesha miche mwaka jana ni adui kweli. Lakini ipo nyingine inayojishikiza kwenye mizizi, inakuwa nyuzi nyembamba sana, inaenda mbali kuutafutia mche maji na chakula ambacho mzizi wenyewe haufiki. Mti wa msituni bila rafiki huyo haukui. Ulipokaanga udongo uliua adui na rafiki pamoja. Miche ilikuwa na njaa, ndiyo maana haikukua wala haikufa. Na mteremko wetu vilevile: miti ilikatwa, udongo wa juu ukasombwa, rafiki akaondoka nao. Miche yoyote mngeipanda pale ingegoma.

Fanya hivi leo, usingoje kesho. Chukua udongo kutoka viriba vya mstari wa njano, ule wa karibu na mizizi, konzi moja kwa kila kiriba cha wale wagonjwa. Usikaange kitu! Kuvu itahama yenyewe. Halafu ng'oa mche mmoja kutoka kila mstari wenye kitambaa, na mmoja mgonjwa, funga kwenye gazeti bichi, mpe Clemensi. Mwambie nikikuta kioo cha gari lake kina barua yangu tena nitampaka sampuli usoni.

Huyo wa njano nitakutajia nikija Krismasi. Si simba. Usiniulize zaidi, nataka nikuone uso nikikuambia.

Antonia


Rhotia
24 Novemba 2024

Wifi,

Mizigo imeondoka na Clemensi, nimemwapisha. Konzi nimezigawa, akina mama wote kumi na wawili tuliinama siku nzima. Sikuwaambia udongo ule ulipata nini, nimewaambia ni dawa ya wifi yangu wa chuo. Mama Resiato amesema ina harufu nzuri ya msitu. Nikakohoa.

Tangu unifiche huyo wa njano sipati raha. Nimeshataja wanyama wote ninaowajua. Simon anajifanya anajua, anacheka tu. Ni nyati? Ni tembo? Najua si wawindaji, lakini ukubwa wa ile miche unanifanya nidhani ni mnyama mkubwa mwenye heshima zake.

Na mimi nina siri yangu, usidhani unayo peke yako. Kuna kitu Qamara ananitengenezea cha mbao na waya. Mondo ameingia mpaka jikoni, amechukua kuku wa mayai juu ya mayai yake. Hatutamuua, kaka yako amesema ni jela. Lakini tuna mpango, na ukija Krismasi utaukuta umekamilika.

Mama Anneth


Arusha
26 Januari 2025

Wifi mpenzi,

Samahani sikuja Krismasi. Profesa aliniambia nishuke Arusha na mizizi yako, tumekaa na hadubini tangu wakati huo. Leo tumemaliza, nimetoka maabara nikaenda moja kwa moja stendi kumtafuta Clemensi, yuko hapa anapakia bidhaa, anakuja Karatu keshokutwa.

Mizizi ya mistari yenye vitambaa imejaa nyuzi za kuvu. Ya mche mgonjwa ni mitupu kama uzi wa kushonea. Profesa, ambaye hajawahi kunisifu, alivua miwani akasema, "Huyo shemeji yako ni nani?" Nikamrekebisha kwamba ni wifi.

Sasa la mwisho, na ukae chini. Wa kitambaa cha njano ni mondo.

Ndiyo, huyohuyo. Sikukuficha kwa ubaya, nilijua ukisikia ungeung'oa mstari mzima kwa hasira za kuku. Lakini fikiria kidogo. Chui habandui mguu msituni, fisi anakula mifupa na mizoga. Mondo ni panya, panya, panya, mchana na jioni, kwa hiyo hakuna aliyebeba kuvu nyingi kama yeye. Na kinyesi kile sikukiokota Nainokanoka. Nilikiokota mwezi wa sita nilipokuja nyumbani, siku za ule mkutano, ukingoni mwa msitu, hatua chache tu kutoka ule mteremko wetu mtupu. Ndiye pekee anayetoka msituni, akapita mashamba, akakatisha mteremko kila siku kuja kwenye kuku wako. Anatuletea kuvu bure, mahali ambapo panya hawezi kufika. Mkishapanda miche, yeye ndiye atakayeendelea kuulisha udongo miaka yote, sisi tukiwa tumelala.

Kuku wako nitakulipia kwa banda zuri. Mondo nakuomba umwache.

Antonia


Rhotia
26 Januari 2025

Wifi Antonia, shangilia!

TUMEMKAMATA! Ameingia kwenye sanduku la Qamara asubuhi hii tunatoka kanisani, na mlango ukashuka, pa! Watu wamejaa uani kama harusi. Ni mzuri, sikatai, ana miguu mirefu na madoa ya kupangwa, ila anatema mate na kunguruma kama pikipiki mbovu. Anneth amempa jina Jambazi.

Qamara alitaka amalizwe palepale, naye amepoteza kuku wengi, lakini nimesimama na kaka yako. Jumatano alfajiri Simon anampandisha kwenye gari, anampeleka mbali kabisa, ng'ambo ya Eyasi, asijue njia ya kurudi. Hatutamwona tena. Nimefurahi nimechinja jogoo, kwa kuwa sasa nina uhakika atakayemla ni mimi.

Na miche! Wifi, yote imekuwa ya kijani, yote! Mvua za mwezi wa tatu zikianza tunapanda. Mbele yetu hakuna kizuizi tena.

Barua hii ataichukua Clemensi akipita. Nitajie sasa huyo wa njano, umechelewa na deni lako.

Mama Anneth


Rhotia
29 Januari 2025, Jumatano

Wifi,

Clemensi alifika jana jioni. Nilimpa barua yangu naye akanipa yako, tukabadilishana palepale getini. Nikaisoma nimesimama karibu na sanduku. Nilipofika kwenye lile jina nikainua macho, naye ananitazama kwenye waya. Nikavuta ndoo, nikakaa juu yake.

Antonia, nilikuwa nampeleka Eyasi! Kwa mikono yangu! Ningeushinda mkutano wote wa wazee halafu nikamfukuza mwenye kitalu!

Nilikwenda kwa Qamara na barua mkononi. Akasikiliza yote, akaniuliza, "Mama Anneth, yaani unaniambia huyu mwizi ni bwana shamba?" Nikamwambia ndiyo. Akasema nimechanganyikiwa. Nikamwambia Qamara, chemchemi ile unakunywa wewe, wamekunywa wazazi wako, na mwezi wa nne kamati inapanda. Nikamwahidi kikundi kitamjengea banda la waya kabla sijajenga la kwangu. Alichukua barua, akaigeuza mbele na nyuma. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Tumfungue wapi?"

Asubuhi hii tumembeba kwenye mteremko, Simon upande mmoja, Qamara upande mwingine, mimi mbele naonyesha njia kama mchungaji. Nikaufungua mlango mwenyewe. Hakukimbia mara moja. Alitoka, akanyoosha masikio, akatugeukia, nikasema kwa sauti, "Haya nenda, lakini tuelewane." Akaruka mara moja tu, akapotea kwenye majani.

Wewe na siri zako mtaniua. Ungeniambia tangu Novemba!

Elieshi


Nainokanoka
9 Februari 2025

Wifi yangu shujaa,

Kweli, ningekuambia tangu Novemba. Na tangu Agosti ningekuambia ninachookota. Nimejifunza, sitakuficha tena. Barua yako nimeisomea boma zima, mama Naishorua akitafsiri. Nilipofika penye "tuelewane" wazee wa hapa walipiga makofi.

Profesa anataka jina lako liandikwe kwenye kazi yangu. Liandikwe vipi, Elieshi au Mama Anneth?

Antonia


Rhotia
27 Aprili 2025

Wifi Antonia,

Yaandike yote mawili, na la mume wangu usilisahau, na Machame liwemo.

Kamati imepanda jana. Tulipanda miche mwezi wa tatu kwenye mvua ya kwanza, tukilowa na kuimba, na tangu hapo imeshika ule udongo mwekundu kama imezaliwa pale. Mwenyekiti alizunguka kila mstari. Mzee mmoja, wa wale waliokaa nyuma mkutanoni, hakuamini, akainama akaushika mringaringa akauvuta kwa nguvu aone kama tumeuchomeka jana. Haukutoka. Akavuta tena kwa mikono miwili, akateleza akakaa kwenye tope, watu wakacheka na yeye akacheka. Alipoinuka alisema mbele ya wote, "Mteremko ni wa akina mama. Huyu wetu wa Machame ameshinda." Alisema wetu! Wifi, nimelia hadharani, sijali. Bwana wa mahema ametafutiwa sehemu kule tambarare, mbali na maji.

Leo Jumapili nimerudi kutoka kanisani, nikahesabu kuku. Yule mwekundu, mtetea wangu bora, hayupo. Banda la Qamara limekamilika, langu bado waya wa upande mmoja, na mondo kaupata upande huohuo. Nimepanda mteremko na viatu vyangu vya kanisani, nimemtukana kwa Kimachame matusi ambayo marehemu mama hakujua kama nayajua. Na nikamkuta, siyo yeye, alama yake. Katikati kabisa, kwenye lile baka tulilokosa miche ya kutosha kulipanda, pamebaki patupu. Ameweka pale, bado mbichi, na ndani yake kuna manyoya ya panya na unyoya mmoja mwekundu.

Nimesimama nimeshika kiuno muda mrefu. Halafu nimechuma kijiti, nimechimba, nusu nimeifukia palepale kwa mkono wangu huu, na sabuni sijatafuta mpaka nilipofika nyumbani. Nusu nyingine nimeianika juani mpaka Clemensi apite.

Imo kwenye mfuko aliobeba Clemensi, wenye kitambaa cha njano. Weka rafu ya juu, pakavu. Usifungue ovyo, usinuse, na usiulize. Nusu ya huyo ndani ni kuku wangu.

Wifi yako,
Elieshi, Mama Anneth